Diko la Dunga na Elimu ya Kupima Samaki

Aliyezoea ufuo wa Lamu au Mombasa, akifika Kisumu huitafuta harufu ya chumvi asiipate. Maji ni matamu, ukingo umesitiriwa na mafunjo marefu kuliko mtu, na upepo ukigeuka gugumaji huijaza Ghuba ya Winam hata mashua zikakosa njia.

Kusini kidogo ya mji ipo Dunga, nasi watu wa Pwani tungeiita diko. Asubuhi samaki huteremshwa, na wanunuzi wengi ni wanawake. Hapo nilikuta wanafunzi wa ufundi sanifu wa uvuvi wakiwa kazini. Samaki hulazwa juu ya ubao wenye alama, akapimwa toka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, akatiwa mizani, kisha akapasuliwa watazame kama ana mayai. Kila kitu huandikwa. Nyavu nazo hupimwa macho, na juya limepigwa marufuku kwa kuwa hukumba wachanga. Mbuta ameruhusiwa baina ya sentimita 50 na 85: aliye mdogo zaidi hajawahi kuzaa, na walio wakubwa zaidi wengi wao ni majike wenye mayai tele.

Mbuta mwenyewe ni mgeni. Alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala fulu hata aina nyingi zikatoweka. Minofu yake husafirishwa Ulaya. Mama wa Kisumu huachiwa kichwa na mifupa, naye hukaanga na kuuza kwa jina la mgongo wazi. (Jina halina haya, lakini ni la kweli.)

Samaki wakipungua, mwenye mashua humtawala mnunuzi. Ndipo ikazuka jaboya, mvuvi kumtaka mwanamke nafsi yake kabla ya kumwuzia. Nalitaja kwa uchungu, kwani wanaodhulumiwa ni mama zetu na dada zetu. Huko Nduru wanawake walijipatia mashua zao wenyewe ili wautoke mtego huo. Kwa hiyo daftari la mpimaji si karatasi tupu.

Wazazi huniuliza kama kazi hii yamfaa binti. Chuo cha Naivasha hufundisha mambo ya wanyamapori na uvuvi. Taasisi ya utafiti wa bahari na samaki ina makao makuu Mombasa na kituo Kisumu. Ulizeni mabweni, ulizeni wenzake ni kina nani, kisha mpeni ruhusa. Mmoja niliyemwona, mtoto wa Pwani, alikuwa amefunga mtandio ndani ya jaketi la kuokolea, viatu vya mpira hadi magotini.

Mchuuzi mmoja akamwinulia mbuta. “Huyu je, binti yangu?”

“Sentimita arobaini na tatu, mama. Hajazaa.”

Mama akanung'unika, akamrejesha ndooni, akaenda kuuliza bei ya omena.