Deni letu kwa fundi wa mabango

Wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Kazi za gazeti zimenibana, lakini mnaonijua mnajua pia kwamba nikikaa kimya sana mara nyingi kuna jambo linanikereketa moyoni. Leo nalitoa.

Nje ya uandishi niko kwenye kikundi cha vijana wa programu huria hapa Dar es Salaam. Kwa mgeni: programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwapa wengine. Sisi tunatafsiri programu hizo kwa Kiswahili, tunaziweka kwenye kompyuta za shule, na hatulipwi hata nauli. Tulikuwa na timu ya sanaa, watu watano waliochora nembo, mabango, vialama vya kubofya na picha za kupamba skrini. Timu ile ilikufa. Hakuna aliyeivunja. Ilizimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta watu wakiwa wamelala.

Mwaka huu kwenye kikao likaja swali: nani ataifufua? Kimya. Kisha mmoja akasema, "Apewe mwandishi, ana maneno mengi." Wakacheka, nikabebeshwa mzigo.

Basi nikaanza kwa ujuaji wangu wa chuo kikuu. Niliandaa mada nzima kuwaonyesha kwamba picha si urembo tu. Nikawaambia habari za Tux, yule pengwini wa Linux, aliyechorwa mwaka 1996 na Larry Ewing kwa kutumia GIMP, programu huria ya picha. Linux yenyewe ilianza 1991, lakini muulize mtu wa kawaida, atakumbuka pengwini kabla ya kitu kingine. Nikawakumbusha Ubuntu, yenye jina la Kibantu ambalo sisi tungeliita utu, iliyotoka Oktoba 2004 ikiwa na rangi ya kahawia wakati wenzake wengi wanapenda bluu, na ikadumu na kahawia hiyo hadi 2010. Watu wakapiga makofi. Nikarudi kwenye kiti nikijiona nimeshafufua timu.

Wiki iliyofuata shule moja ikatuomba bango la maonyesho, la mita tatu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nembo yetu imebaki kama kapicha kadogo tu ka kwenye tovuti. Ukikakuza hadi ukubwa wa bango kanakuwa kama ukuta wa matofali. Faili la asili, lile la Inkscape ambalo linahifadhi mistari yenyewe na linaweza kukuzwa upendavyo bila kuharibika, halipo. Waliokuwa nalo wamebadilisha kompyuta, mmoja ameibiwa, mwingine yuko masomoni na hajui alipoliweka.

"Kwani aliichora nani?" akauliza binti mmoja mgeni.

Nilikuwa najua. Nikanyamaza.

Aliichora fundi wa mabango wa Manzese. Nilikutana naye nikifuatilia habari ya mashine za kuprinti zilivyowanyang'anya mafundi wa brashi kazi. Nikamwonyesha Inkscape kwenye kompyuta yangu, na jamaa akaielewa kwa siku mbili, mimi niliyehangaika nayo mwezi mzima. Akachora nembo, ikapendwa, ikatumika. Halafu akatuma picha nyingine kumi na moja za skrini. Aliyepewa kazi ya kupokea michoro alikuwa ni mimi. Ya kwanza nilimjibu: "Safi sana Fundi, tutawasiliana." Mnajua maana ya "tutawasiliana" katika mji huu. Zile kumi sikuzijibu kabisa. Si kwamba zilikuwa mbaya. Nilikuwa na habari za kuandika, na nilijua wazi kwamba yeye hatanifukuza kazi.

Jumamosi nikapanda daladala hadi Manzese. Nilimkuta amechuchumaa anaandika bei za chipsi kwenye ubao.

"Fundi, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Mwandishi. Karibu." Hakuacha brashi.

Nikazunguka weee, hali ya biashara, jua kali, mwisho nikaitoa: tunaifufua timu, tunahitaji lile faili. Akamalizia herufi aliyokuwa anaichora, akaosha brashi.

"Mwandishi, habari yako ikitoka gazetini bila jina lako unajisikiaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu lilinipata. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikesha siku nne kwa habari moja, ikatoka ukurasa wa mbele: "Na Mwandishi Wetu". Nilinuna mwezi mzima. Kumbe na yeye alikuwa ameingia kwenye tovuti yetu, akaiona nembo yake juu kabisa, akatafuta jina lake mpaka chini. Halikuwepo. Fulana tulizogawa pia alizikuta mtaani.

Na hapa ndugu zangu aibu inaongezeka. Nembo ile ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, ile inayoruhusu watu kuitumia na kuibadilisha kwa sharti la kumtaja aliyeichora na kuigawa kwa masharti yale yale. Leseni hiyo nilimwelezea mimi mwenyewe. Sisi tunaozunguka shuleni kuhubiri uhuru na haki tulikuwa tumevunja leseni ya mtu anayeishi kwa kuandika bei za chipsi. Hata kwenye ile mada yangu iliyopigiwa makofi nililiruka jambo muhimu: Larry Ewing aliruhusu pengwini wake atumiwe na abadilishwe na yeyote, ila ukiulizwa umtaje yeye na GIMP. Ndiyo maana leo, karibu miaka thelathini baadaye, nimeweza kuwatajia jina lake.

Nikamwomba radhi. Bila "lakini". Akaingia ndani, akatoka na laptopu ya mtumba. Faili lilikuwepo, pamoja na zile picha kumi na moja.

"Chukua. Lakini nataka jina. Na nataka jibu. Hata 'hapana' ni jibu."

Niliporudi niliifuta mipango yangu yote mikubwa. Nikaenda kuangalia wenzetu wa Debian wanavyofanya. Kila toleo kubwa likikaribia wanatangaza tarehe, wanataja vipimo, wanapokea michoro, watu wanachagua, na jina la mshindi linaandikwa. Mchoraji Juliette Taka alichaguliwa kwa toleo la 8, lililotoka mwaka 2015, na baadaye kwa la 9, la 11 na la 12. Toleo la 13, mwaka 2025, limepambwa na Elise Couper. Hakuna uchawi hapo. Mchoraji anajua lini atajibiwa na jina lake litakaa wapi.

Nasi sasa tuna sheria tatu: kila mchoro unajibiwa ndani ya siku saba, kila faili la asili linahifadhiwa sehemu tatu, kila kazi inatoka na jina. Tuko wanne tu, na Fundi ni mmoja wetu. Juzi nilimkatalia picha moja kwa sababu vialama vilikuwa havisomeki juu ya rangi zake. Alinisonya, akarekebisha, akairudisha usiku huo huo.

Bango limeshatundikwa shuleni. Limeprintiwa na mashine zile zile zilizomnyang'anya kazi, na chini pembeni pana jina lake kamili. Mtaniuliza, mbona hapa sijamtaja? Nilimwuliza. Akasema kazi iwe na jina, umbea usiwe nalo.

Haya, alamsiki. Kuna michoro miwili inasubiri jibu langu na leo ni siku ya sita.