Gobore la Babu

"Mjomba, niruhusu nikawinde kanga kwa gobore la babu," aliniomba mpwa wangu, tukiwa Kitete. Nilisita. Silaha za namna ile ziliingia Unyanyembe pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kwa hizo Mirambo aliimarisha dola yake. Na Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, Mtemi Isike aliwasha baruti asitekwe.

Mtutu uliokula kutu waweza kumpasukia mwindaji usoni. Tena sheria ya silaha ya mwaka 2015 yadai leseni, hata kwa urithi, nasi hatuna.

Nikamjibu: "Twende polisi tukalisalimishe, tuombe lihifadhiwe makumbusho." Kitoweo cha siku moja hakilingani na jicho la kijana, wala na kumbukumbu ya nchi.