Wanaotusikiliza nao wahesabiwe kwenye bajeti

Kazi yangu ya radio ni kuuliza watu kilichowapata. Naweka mikrofoni, narekodi dakika tatu au nne, kisha narudi Bunia mjini kutayarisha habari. Jioni habari inapita na wengi mnaisikia. Lakini mtu aliyenieleza anabaki kambini, chini ya turubai lake, na mambo yote yameamka tena kichwani mwake. Nani anabaki naye? Hapa Ituri, miaka yote nimefanya kazi hii, jibu ni lile lile: anabaki na msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, yule ambaye sote tunamwita APS.

Wengi wenu mnawajua. Ni dada na kaka zetu. Wengi walimaliza sekondari kwenye seksioni ya sosiale, wakaongezewa mafunzo, wakatumwa kambini na daftari mkononi. Hawatoi vidonge wala sindano. Wanakaa, wanasikiliza, kesho wanarudi. Wanaongea na mume aliyemfukuza mke wake kwa sababu alibakwa. Wanamfuata mtoto ambaye hasemi tena tangu kijiji chao kilipochomwa. Mgonjwa aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba, wao ndio wanaoomba afunguliwe na kumsindikiza kituo cha afya.

Siku hizi ninawaza sana juu yao, kwa sababu APS kadhaa walinifikia na ombi. Wanataka sauti yao ifike kwa wale wanaogawa makuta ya serikali. Ombi lenyewe ni fupi: kila mara serikali inapotenga pesa za afya ya akili, nao wahesabiwe humo. Wamechoka kuwa watu wa proje tu.

Niwaeleze kwa nini mimi naona ombi hilo ni la haki.

Kuna mama mmoja, jina lake na kambi yake sitavitaja. Alikimbia Djugu baada ya kupoteza mume na watoto wawili usiku mmoja. Kambini akaacha kupika, akaacha kuoga, usiku akawa anatembea. Majirani walisema amelogwa. Wakampeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha siku kadhaa, hali ikazidi kuwa mbaya. APS alipomtembelea mara ya kwanza, mama aligeuka upande wa pili. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu aliomba maji ya kunywa. Ilichukua wiki nyingi mpaka akasema yaliyotokea usiku ule. Baadaye alikubali kupelekwa kituo cha afya, akapewa dawa, na APS ndiye aliyekuwa anapita kuangalia kama anazinywa. Nilimkuta mama huyo akiuza sombe kwenye mlango wa kambi. Alinicheka kwa sababu nilimhesabia vibaya.

Kisha proje ikafika mwisho. APS yule akaaga, akaenda kutafuta maisha kwingine. Miezi ikapita. Proje nyingine ilipokuja, alitumwa kijana mpya mwenye moyo mzuri na daftari jipya. Mama alimwambia: “Yote nilishayasema kwa mwenzako. Siwezi kuanza tena.”

Neno hilo linatosha kueleza shida yote. Dawa ikiisha, unaweza kuleta nyingine ya namna ile ile. Imani ya mtu haiji na gari la mizigo. Anayejua siri ya mgonjwa akiondoka, anaondoka na sehemu ya dawa.

Tuliona hivyo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na hapa Ituri, ambapo watu zaidi ya 2,200 walikufa. APS ndio waliokaa na familia zilizokatazwa kugusa maiti ya mzazi wao. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, mikataba yao nayo ikaisha, lakini huzuni ya familia haikuwa na tarehe ya mwisho. Tena mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, proje nyingi za Kongo zilisimama. Uamuzi ulifanyika Washington, na mgonjwa wa kambini ndiye aliyengoja mtu asiyekuja.

Na si watu wachache wanaongoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba katika maeneo ya vita, karibu mtu mmoja kwa kila watano ana shida fulani ya afya ya akili. Sisi wa hapa hatushangai. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu karibu 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo. Waliuawa mahali walipokimbilia. Walioona usiku ule na kupona, wanalala namna gani?

Kwa karatasi, Kongo haikosi mipango. Tuna Programu ya Kitaifa ya Afya ya Akili. Tuna sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 juu ya ulinzi na malipizi kwa wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa mengine, na mfuko wake, FONAREV. Lakini hospitali zinazojulikana za magonjwa ya akili upande huu wa mashariki, kama Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, ni za watawa, Ndugu wa Upendo. Kwa familia ya Djugu, Bukavu na Goma ni mbali sana. Msaada wa karibu ni yule APS anayekuja kwa miguu.

Wanapodai haki yao, APS wanaeleza kwamba wanazungushwa kati ya milango miwili. Kwenye afya wanaambiwa: ninyi ni watu wa mambo ya kijamii. Kwenye mambo ya kijamii wanaambiwa: ninyi mnafanya kazi kwenye kituo cha afya. Hivyo hakuna anayeandika majina yao kwenye orodha ya mishahara. Hawana matrikule, hawana primu.

Muuguzi mmoja aliniambia: “Kaka, hata sisi wauguzi wengi hatujapata matrikule. Hao watapitaje mbele yetu?” Ana haki ya kuuliza. Lakini APS hawaombi sahani ya muuguzi. Mwaka 2001, pale Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Ahadi hiyo ikitimizwa, wote wawili watakula. Isipotimizwa, kuwagombanisha hakutajaza sahani ya yeyote.

Wanachoomba ni hiki: wizara mbili zikae pamoja na kusema APS ni wa nani, pesa za afya ya akili zisiishie kwenye semina na dawa, zilipe pia mtu anayemfuata mgonjwa nyumbani, na zoni ya afya ikipanga mipango yake, mmoja wao awe ndani ya chumba.

Sisi wasikilizaji tunaweza kusaidia. Serikali inapaswa kupeleka mradi wa bajeti bungeni mwisho tarehe 15 Septemba, na kikao kinaendelea mpaka 15 Desemba. Mbunge wako akija kusalimia, muulize: ndani ya pesa za afya ya akili, APS wako kwenye mstari gani? Ninyi mlio kambini, mna CODESA, kamati ya afya ya eneo lenu. Semeni humo kwamba mnahitaji mtu wa kudumu. Maneno ya mama mgonjwa yana uzito kuliko ripoti yangu.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu asiyelala, anayesema peke yake au anayetaka kujiua, usimfunge kamba na usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya leo, na uulize kama APS yupo. Wakikuambia hayupo, uliza pia kwa nini.