Tulivyopata Mabati

Ukipanda kutoka Gonja kuja kwetu Mamba Miamba, katika milima ya Upare wilayani Same, utapishana na maboma kadhaa, majengo yaliyoishia kuta, kabla hujafika. Darasa hapa, ofisi ya kijiji pale, halafu nyumba ya mwalimu ambayo mpera umeota sebuleni na watoto wanachuma mapera humo. La kwetu lilikuwa la zahanati. Kuta zilifika lenta, kisha kazi ikalala.

Utaratibu wenyewe haukuwa siri. Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM, uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi wanyanyue kuta kwa nguvu zao, serikali ije imalizie. Sisi ni watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, hatukuhitaji kubembelezwa. Wanaume walipasua mawe, akina mama wakabeba mchanga kichwani kutoka mtoni, na aliyekosa fedha alileta tangawizi, kamati ikauza. Ila hakuna aliyetuambia kwamba kijiji kikishafika lenta kinaingia kwenye foleni ya nchi nzima.

Foleni hiyo ilitugharimu. Masika moja mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, gari halipandi kwa utelezi, vijana wakamfunga kwenye machela kuteremka naye Gonja. Alijifungulia njiani, chini ya mwavuli wa mtu. Mama alipona. Mtoto tulimzika Jumamosi.

Baada ya msiba ule mkutano mkuu wa kijiji uliivunja kamati ya ujenzi na kuchagua nyingine. Mimi ni mwalimu mstaafu, nikapewa ukatibu, na mzee mmoja akatoa sababu mbele ya watu: “Huyu mwandiko wake unasomeka.” Nikacheka. Sikujua kwamba kazi yote ingekuja kuishia hapo hapo, kwenye mwandiko.

Nilikabidhiwa daftari lililolowa, bahasha ya stakabadhi na ufunguo wa stoo. Kijijini habari ilikuwa moja tu: wamekula. Tukaona tusianze kazi kabla ya kulimaliza hilo. Siku ya mkutano tulifungua stoo hadharani. Saruji ilikuwepo, imepangwa vizuri kabisa, na kila mfuko umeganda ukawa jiwe. Karatasi ukiichana, jiwe linabaki na umbo la mfuko hadi mikunjo. Watu walipita mmoja mmoja kugusa. Hakuna aliyekula. Saruji ilinunuliwa kwanza, fedha ya nondo ikachelewa, mvua mbili zikapita juu yake. Mwenyekiti wa zamani alikaa kimya muda wote, nami nilimwonea huruma, maana jina lake lilikuwa limeshachafuka hadi kanisani.

Hapo ndipo tulipoanza kuandika barua. Tuliandika kwa mashirika, kwa watoto wetu walioko Dar es Salaam, kwa ubalozi mmoja unaosaidia miradi midogo ya jamii. Barua zilikuwa na huzuni ya kutosha kumliza msomaji, na hazikuleta hata mfuko mmoja wa misumari. Ubalozi ndio uliojibu, na jibu lilikuwa orodha ya maswali: ardhi ni ya nani, makadirio yameandaliwa na nani, ankara kifani za wauzaji watatu ziko wapi, mganga atalipwa na nani. Wajumbe walinuna. Nikaona wametusaidia kuliko wote, kwa kuwa hata swali moja kati ya yale hatukuwa na karatasi ya kulijibu.

Nikateremka Same, halmashauri, kumwona ofisa mipango. Kijana mdogo, umri wa wanafunzi wangu. Aliniamkia vizuri, akafungua kabati, akatafuta, akafunga.

“Mama, fedha nikiipata nitaipeleka wapi? Kijiji chenu hakimo humu.”

“Boma lipo, mwanangu, njoo ulione.”

“Naamini lipo. Lakini mimi siwezi kupeleka boma kwenye kikao.”

Aliniandikia vinavyotakiwa nyuma ya karatasi iliyotumika. Mengine yalikuwa mepesi. Muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mradi, wenye akidi na sahihi za mahudhurio, tulishindwa kuupata, basi tukaitisha mkutano upya. Kamati ya maendeleo ya kata ikajadili na kupitisha. Mhandisi wa halmashauri alikuja, akapima kuta, akatuandalia makadirio. Kilichotutoa jasho ni ardhi.

Shamba lilitolewa na mzee mmoja kwa mdomo, mbele ya watu, kwa moyo mweupe. Mzee akafariki. Wanawe watatu wakasema baba hakutuaga, na wa katikati akapanda migomba hadi ukutani mwa zahanati. Kulikuwa na wajumbe waliotaka tumtishe kwa polisi. Tulikataa, maana mtu anayelazimishwa leo atafufua kesi siku mfadhili anapokuja kukagua. Tulipeleka jambo kwanza kwa wazee wa ukoo, kikao kikaisha na pombe ya dengelua na hakuna uamuzi. Kisha baraza la ardhi la kijiji, lile la watu saba ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mmoja wa wale mama ndiye aliyemuuliza yule mwana wa katikati: unachotaka ni shamba, au jina la baba yako? Akanyamaza, kisha akasema anataka iandikwe kwamba baba yake ndiye aliyetoa. Ikaandikwa. Migomba ikalipwa. Ndugu wote watatu wakatia sahihi, mke wa marehemu akaweka dole gumba, na nakala nne zikagongwa mhuri.

Huku nyuma tulikuwa tunachangisha tena, na kuchangisha Upare kuna historia yake. Mwaka 1945 babu zetu waliandamana hadi Same kupinga mbiru, kodi ambayo kila mtu alikadiriwa bila kujua imekadiriwaje. Wajukuu zao wako vile vile. Basi kila mchango tuliubandika kwenye ukuta wa duka la kijiji: jina, kiasi, namba ya stakabadhi, na chini yake matumizi. Wiki ya kwanza ulikuwa ugomvi. Wiki ya pili watu walikuja kwangu usiku na hela mkononi, wakiniomba majina yao yaingie kabla ya Jumapili.

Ofisa mipango alitufundisha jambo moja zaidi, nalo ndilo ningependa kila kijiji kilijue. Nguvu za watu zina bei. Tripu ya mawe, ndoo za mchanga, tofali, siku ya kibarua, vyote mhandisi anaweza kuvithaminisha kwa shilingi. Sisi tulikuwa tunaandika “wananchi walijitolea”, maneno matamu yasiyo na uzito kikaoni. Tulipokaa na madaftari ya msaragambo na kupiga hesabu, tukakuta kijiji kimeshaweka fedha nyingi kuliko tulizokuwa tunaomba. Kuanzia siku hiyo maombi yetu yalibadilika sauti. Tuliacha kulia, tukawa tunasema: sisi tumeweka hiki, kimebaki hiki.

Fedha ya kwanza ilitoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge na katibu ni ofisa mipango, kwa hiyo lile kabati lilikuwa na umuhimu wake. Tulipata fedha ya mbao na mabati. Miaka ile ya tozo za miamala ya simu, zilizoanza Julai 2021, fedha za kumalizia maboma zilisikika karibu kila wilaya. Kwa zahanati kiasi kilichozoeleka kilikuwa shilingi milioni 50. Zamu yetu ilipofika, faili lilikuwa tayari.

Usidhani taabu iliishia hapo. Kazi ilikuwa ya force akaunti, maana yake mafundi ni wa kijijini na wanaonunua na kupokea vifaa ni kamati za wananchi. Kwenye makadirio saruji ilikuwa na bei ya Same mjini, na mlimani inafika na nauli yake. Tukaokoa kwa kuibeba wenyewe kutoka gari linapokwama. Mabati yalipokuja, mjumbe wa kamati ya mapokezi, mama muuza maandazi, alipanda kwenye lori na kusoma maandishi ya kila bati kabla halijashushwa. Tulilipia geji 28. Yale yalikuwa geji 30, membamba zaidi.

“Mama, bati ni bati,” dereva akasema.

“Basi rudi na bati lako,” akajibiwa.

Lori liliteremka vile vile lilivyopanda. Likarudi wiki iliyofuata na mzigo sahihi. Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la saba, na sijaona mkaguzi wa kumshinda.

Zahanati inafanya kazi. Ina muuguzi na mganga, kliniki ya watoto, na chumba cha kujifungulia ambacho tayari kimepokea wajukuu zangu wawili. Dawa huisha kabla ya mwezi kuisha, na nyumba ya mtumishi bado iko msingi. Nafurahi, lakini nina neno. Si haki kijiji kipate huduma kwa sababu kilibahatika kuwa na mwalimu mstaafu mwenye muda. Vijiji jirani vimejitolea sawa na sisi, kuta zao zinaliwa na mvua, na vinachokosa ni mtu wa kuvisaidia kuandaa faili. Halmashauri ingepeleka ofisa mipango kwenye kata kwa wiki moja tu kila mwaka, maboma mengi yangetoka foleni.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, wewe mjumbe ambaye boma lenu liko lenta, usianze na barua kwa mfadhili. Nenda kwa mtendaji wa kijiji umwombe muhtasari uliopitisha mradi na karatasi ya ardhi. Kama havipo, itisheni mkutano mwezi huu huu, na mwenye shamba akiwa hai, aandike yeye mwenyewe.