Kirinyaga Road: Mahali redio za Japani hufunzwa Kiswahili

UKISHUKA kutoka mzunguko wa Globe jijini Nairobi na kuingia Kirinyaga Road, huhitaji kibao cha kukuonyesha kuwa umefika. Utalakiwa na mlio wa nyundo, honi za matatu na muziki wa kila aina kutoka kwa spika zilizopangwa mbele ya maduka. Kabla gari halijasimama, vijana watatu wanne watakuwa wamelizingira wakigonga vioo: "Bosi, unatafuta nini? Redio? Taa? Kioo cha pembeni?"

Barabara hii inakwenda sambamba na Mto Nairobi. Zamani iliitwa Grogan Road, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo kabla ya kuwa mlowezi tajiri hapa Kenya. Barabara ilipewa jina jipya lakini la kale likakataa kufa. Hata leo mtu akikuambia amepeleka gari Grogan, utaelewa kwamba kuna kipuri anachotafuta na kwamba mfukoni hana fedha za kuchezea.

Nilikwenda huko mwaka 2019 nikiwa nimeandamana na mjomba wangu, mwalimu mstaafu kutoka Murang'a. Alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua gari dogo la Toyota la mwaka 2012, lililotoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Hakulinunua kwa fahari. Mkewe anaugua kisukari, na wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutoweza kusoma gazeti. Kila mwezi ilibidi afike kliniki Nairobi, na safari za matatu zilikuwa zimemchosha.

Mkazamjomba ni mtu wa redio. Tangu macho yalipoanza kumsaliti, redio ndiyo iliyokuwa gazeti lake: taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo. Lakini redio ya gari lao haikumfaa kitu. Kila mjomba alipowasha injini, sauti nyororo ya mwanamke ilisema maneno machache ya Kijapani, kisha ikanyamaza. Alipotafuta vituo, alipata viwili tu mwisho kabisa wa mstari, na kwingine kote ni mkwaruzo mtupu.

"Tumenunua gari pamoja na mgeni asiyejua lugha yetu," mkazamjomba alitania. Mzaha huo ulimkera mjomba kuliko alivyokubali kusema.

Bei ya kwanza

Alirudi kwa waliomuuzia gari. Huko alikaribishwa kwenye kiti kizuri, akapewa chai, na mwishowe akapewa karatasi: redio mpya yenye skrini pamoja na kazi ya kuiweka, Sh32,000, malipo kabla ya kazi. Hakuna aliyemweleza ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani. Mjomba aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kwake yeye, hizo zilikuwa dawa za miezi kadhaa.

Nilijitolea kuibadilisha mwenyewe. Mjomba alinitazama kwa jicho la mwalimu aliyesahihisha mitihani mingi. Hakuwa amesahau yaliyonipata mwaka uliotangulia.

Mwaka huo nilikuwa nimetazama video moja, nikanunua bisibisi na kuifungua dashibodi ya gari langu. Redio mpya ilikuwa na waya wa njano na waya mwekundu, wote wa kuleta umeme. Nikaona hakuna haja ya kusumbuka, nikaunganisha yote miwili mahali pamoja. Redio iliimba vizuri sana. Asubuhi ya pili betri ilikuwa imekufa, na majirani wakanisukuma hadi barabarani wakicheka.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Waya wa njano hupata umeme wakati wote ili redio isisahau saa na vituo. Mwekundu unatakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Nilipoiunganisha pamoja, redio yangu haikulala hata usiku mmoja.

"Twende Grogan," mjomba akaamua. "Huko utasimama karibu uone kazi inavyofanywa."

Dawa kabla ya ugonjwa

Kijana wa kwanza alitaka tununue redio hata kabla hatujashuka garini. Wa pili alianza kuvuta ukingo wa dashibodi. Mjomba aliwashukuru wote wawili na kuendelea. Tulisimama kwa fundi wa makamo, aliyevaa koti la kijivu lililojaa madoa. Yeye aliketi tu kwenye kiti cha dereva, akabonyeza vitufe na kusikiliza.

"Mzee, redio hii si mbovu," akasema. "Ni mgeni tu."

Yule mwanamke wa Kijapani, alitueleza, hakuwa hata ndani ya redio. Alikuwa katika kijisanduku cha kulipia barabara za Japani, na alichokuwa akilalamikia ni kwamba kadi ya malipo haimo. Fundi alichomoa plagi yake na mama huyo hakusikika tena. Kwa kazi hiyo hakudai chochote.

Kuhusu vituo, jambo lenyewe ni hili. Nchini Japani, matangazo ya FM yalitengewa nafasi kati ya megahazi 76 na 90, ingawa miaka ya karibuni nafasi hiyo imesogezwa hadi 95. Huku kwetu vituo viko kati ya 87.5 na 108. Redio ya mjomba ilikoma kwenye 90, kwa hiyo ilisikia ukingo tu wa matangazo ya Nairobi.

Tiba ya kwanza ni ekspanda, kijisanduku kidogo kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuteremsha namba za vituo ili redio ya Kijapani iweze kuvifikia. Siku hiyo iliuzwa Sh700. Mjomba alikwisha kutoa pochi fundi alipomzuia.

"Unapenda kusikiliza nini?" akauliza.

"Mimi ni Radio Taifa. Mke wangu ni Radio Citizen."

Fundi aliokota kipande cha katoni akaandika. Radio Taifa jijini iko 92.9 na Radio Citizen 106.7. Ekspanda ikiteremsha kwa 16, Taifa itapatikana kwenye 76.9, lakini Citizen itaangukia 90.7, nje ya redio. Ikiteremsha kwa 20, Citizen itakaa vizuri kwenye 86.7, lakini Taifa itashuka hadi 72.9, chini ya sakafu. Mjomba, aliyefundisha hesabu, aliichukua kalamu akapiga hesabu upya. Jibu lilikuwa lile lile.

"Na ukifika Murang'a," fundi akaongeza, "vituo hivyo vina namba nyingine. Utaanza hesabu mwanzo huku unaendesha gari."

Hapo ndipo mjomba alipokubali kununua redio mpya. Lakini sasa alijua ni kwa nini.

Kazi yenyewe

Alichagua redio ya kawaida isiyo na mbwembwe, yenye FM yetu na nafasi ya kuchomeka simu: Sh7,500 baada ya kupatana kutoka 12,000. Ukingo wa plastiki wa kujazia nafasi ulikuwa Sh1,000, kwani nafasi ya redio katika Toyota nyingi za Japani ina upana wa milimita 200 ilhali redio nyingi za madukani zina 178. Soketi ya kuunganishia ilikuwa Sh500, na kazi Sh500. Jumla Sh9,500.

Soketi hiyo ndogo ndiyo iliyonifunza zaidi. Bila soketi, fundi hukata nyaya za gari, akazimenya kwa meno na kuzifunga kwa utepe, ilhali rangi za nyaya za gari hazilingani na zile za redio mpya. Ukiwa nayo, plagi ya gari inaingia upande mmoja na nyaya za redio mpya zinaungwa upande wa pili. Gari halikatwi hata waya mmoja.

Fundi alitoa kwanza waya hasi wa betri, akasubiri kidogo. Akabandua ukingo wa dashibodi kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, ili usichubuke. Alilegeza bolti nne kwa spana namba 10, akavuta redio taratibu. Alinionyesha plagi za njano zilizokuwa mle ndani akanionya nisiziguse kamwe, maana aghalabu ni za mifuko ya hewa inayookoa watu wakati wa ajali. Kabla ya kufunga chochote, alirudisha betri, akawasha, akajaribu spika moja baada ya nyingine.

Yote hayo yalichukua muda usiofika saa moja. Fundi alituomba tumwachie redio ya zamani apunguze Sh500. Mjomba alikataa, akaifunga kwenye gazeti. Siku moja akiuza gari, mnunuzi huenda akaitaka.

Ufanye mwenyewe au ulipe?

Mpenzi msomaji, kama gari lako ni la kawaida na redio yake ni redio tu, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe siku ya Jumamosi. Piga picha ya kila plagi kabla ya kuichomoa. Nunua soketi, usikate nyaya. Jaribu kabla ya kufunga. Ukikwama, tafuta fundi atakayekubali usimame karibu naye, udai risiti, na uepuke redio isiyo na katoni wala mwenyewe, isije ikawa imeng'olewa katika gari la mwenzako usiku.

Lakini yapo magari ya kuachiwa wauzaji. Kama gari ni jipya na bado lina dhamana, soma karatasi zake kwanza. Kama skrini hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma au kuendesha kipoza hewa, usiguse. Na redio nyingine za Kijapani hujifunga betri ikitolewa au kadi yake ya ramani ikipotea, zikadai namba ya siri. Hapo bisibisi haisaidii.

Wahenga walisema rahisi huwa ghali, nao hawakukosea. Hata hivyo, mjomba angeweza kutumia Sh32,000 bila kujua sababu, na angeweza vile vile kutupa Sh700 kwa ekspanda isiyomfaa. Kilichomwokoa ni fundi aliyemuuliza anapenda kusikiliza nini.

Mwezi uliofuata niliandamana nao kutoka kliniki. Mkazamjomba aliketi mbele, macho ameyafumba. Tulipopita Thika sauti ilianza kukwaruza, mjomba akabonyeza kitufe na kituo kikarudi kwa namba ya huko. Nilikuwa katikati ya kisa kirefu cha kazini alipoinua mkono.

"Hebu nyamazeni," akasema. "Taarifa ya habari."