Breki za skii: kutoa au kuacha?

Huku Innsbruck baridi bado inatubana, na wiki hii bwenini hakuna anayeongelea mitihani. Stori ni breki tu. Sio za baiskeli jamani, za skii!

Ngoja niwape darasa kidogo, si ndio ualimu wenyewe. Kuna watu hawapandi lifti. Wanapanda mlima kwa miguu yao, skii zikiwa zimevaliwa na kisigino kikiwa huru. Wakifika juu wanafunga kisigino na kuteremka. Kifaa chepesi wanachotumia kushika buti kilibuniwa na Fritz Barthel, mtu wa hapa hapa Tirol, miaka ya 1980: pini mbili mbele, mbili nyuma, basi. Breki hakikuwa nayo, ilikuja baadaye.

Breki yenyewe haina maajabu. Ukikanyaga pedeli, vyuma viwili vya pembeni vinainuka. Ukianguka buti likachomoka, springi inavishusha, vinakwaruza theluji na skii inasimama.

Sasa jamaa tunayekaa naye chumba anataka kuzitoa kabla ya safari ya Jumamosi. Anasema uzito: kama gramu 100 kila mguu, zidisha kwa maelfu ya hatua. Na kuzitoa sio ishu. Kwenye aina nyingi ni skrubu chache tu kwenye kipande cha kisigino. Tumia bisibisi ya mkono, sio drili, skrubu zisije zikalika. Kuzirudisha ndio uangalie upana: skii ya milimita 90 katikati inataka breki ya 90 au zaidi kidogo. Ikiwa nyembamba, vyuma vinakwama ukingoni, havishuki.

Atafunga kamba kutoka skii mpaka buti, anasema. Sawa, skii haitapotea. Ila maporomoko ya theluji yakimkuta, skii zilizofungwa mguuni zitamvuta chini kama nanga. Na bila kamba wala breki? Skii inashuka kama mshale, na chini kuna watu.

Hapo ndipo mimi nakataa. Gramu 100 unazibeba mwenyewe, lakini skii iliyotoroka inampata mwenzio. Nimemwambia: toa tu kaka, ila Jumamosi wewe ndiye utatangulia kuteremka.

Mpaka naandika hapa, bisibisi iko mezani, haijaguswa. Naomba kuwasilisha.