Mbiafra ni Nani?

Ukipanda matatu za Eastleigh utamsikia makanga akiita "Biafra! Biafra mwisho wa kushuka!" na watu wanashuka na mizigo yao, hakuna anayeshtuka. Ni mtaa tu. Dar es Salaam nako, pale Kinondoni, kuna viwanja vya Biafra, watu wanacheza mpira na wanasiasa wanafanya mikutano. Huku kwetu neno hili limekuwa jina la mahali, kama Kaloleni au Makongeni. Kwa wengine bado ni jeraha.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri. Mwaka jana nilipewa hadithi fupi ya kutoka Nigeria, kurasa kumi na mbili, kazi ya wiki moja hivi. Ikanichukua mwezi, na kilichonichelewesha ni kivumishi kimoja. Kiingereza kina neno Biafran, na neno hilo moja linabeba kila kitu: mtu, pesa, bendera, jeshi, njaa. Kiswahili hakikuachii hivyo, bana. Lazima uchague. Kama ni kitu, unasema pesa za Biafra, bendera ya Biafra, na maisha yanaendelea. Lakini kama ni mtu? Tuna kiambishi M-. Mkenya. Mnigeria. Mghana. Sasa nchi ikishakufa, watu wake wanabaki na M- yao ama wananyang'anywa?

Mhariri alipendekeza "raia wa iliyokuwa Biafra." Ni sahihi kabisa. Pia inasikika kama barua ya serikali. Kwenye hadithi yenyewe ilikuwa mwaka wa 1968, na yule mama aliyekuwa akipika majani ya muhogo hakuwa wa "iliyokuwa" chochote. Nchi yake ilikuwa hapo, siku hiyo, na ndege zilikuwa zinaishambulia.

Tarehe zinasaidia. Odumegwu Ojukwu alitangaza Biafra kuwa nchi huru tarehe 30 Mei 1967, baada ya maelfu ya Waigbo kuuawa kaskazini mwa Nigeria mwaka wa 1966. Vita vikaanza Julai. Tarehe 15 Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Hata miaka mitatu haikufika. Lakini ndani ya muda huo kulikuwa na bendera yenye nusu ya jua la manjano, kulikuwa na pauni za Biafra, na kulikuwa na nchi zilizoitambua. Tanzania ya Nyerere ilikuwa ya kwanza, Aprili 1968. Zambia, Gabon na Côte d'Ivoire zikafuata mwezi uliofuata. Kenya haikuitambua.

Jirani yangu hapa Kasarani ni Mwigbo, anasomea uzamili. Nilimuuliza hili swali tukiwa tunangoja maji yarudi. Akacheka kwanza. Kisha akaniambia mamake alizaliwa Umuahia mwaka wa 1968, wakati mji huo ulikuwa makao makuu ya Biafra. Pasipoti yake inasema Nigeria. Babu yake aliweka noti kadhaa za Biafra ndani ya Biblia, na hakuziondoa mpaka akafa. Zilikuwa hazinunui hata kiberiti. Vita vilipoisha, wenye akiba benki walipewa pauni 20 za Nigeria kila mmoja, hata kama mtu alikuwa ameweka mia tano.

"Sasa mamako ni Mbiafra?" nikamuuliza.

"Ukimuuliza atanyamaza," akasema. "Lakini ukimwambia hakuwa, atakukasirikia."

Hapo nikaanza kuelewa uzito wa kile kiambishi kidogo. Na kuna mtego mwingine. Ni rahisi kuandika Mwigbo kila unapoona Biafran, na wengi hufanya hivyo. Si kitu kimoja. Ndani ya mipaka ya Biafra waliishi pia Waibibio, Waefiki, Waijo, Waogoni, na si wote waliokuwa wameulizwa kama wanataka kuhama nchi. Ken Saro-Wiwa, Mwogoni, alisimama upande wa serikali ya Nigeria. Ukimwita Mbiafra unampa jina alilolikataa. Kwa hivyo M- inaweza kumrudishia mtu heshima yake, na inaweza pia kumvisha mtu nguo si yake.

Sisi nasi tusijifanye hatuhusiki. Kati ya 1963 na 1967, watu wengi wa kaskazini mashariki mwa Kenya walitaka kujiunga na Somalia. Hao hawakupewa hata jina la mahali. Waliitwa shifta, yaani majambazi, na vita vyenyewe vikaitwa vita vya shifta mpaka leo vitabuni. Aliyeshinda ndiye huchagua kivumishi. Na Juni 2021, Nnamdi Kanu, anayedai Biafra irudi, alikamatwa hapa Kenya na kupelekwa Nigeria. Redio zetu zikamwita mpiganaji, mwanaharakati, gaidi, kulingana na stesheni uliyofungulia.

Basi nikaamua hivi. Kwa vitu, "-a Biafra." Kwa watu wa ndani ya hadithi, waliokuwa wakiishi nchi hiyo na kuihesabu yao, Mbiafra na Wabiafra, bila "iliyokuwa" na bila alama za kunukuu, kwa sababu alama hizo ni njia ya kumcheka mtu kimyakimya. Kwa wanaoidai leo, "wanaotaka Biafra," maana hapo tunazungumzia wanachokitaka, na bado hawajakipata. Na Mwigbo anabaki Mwigbo pale tu hadithi inaposema Igbo.

Mhariri alikubali, ila akauliza kama wasomaji watalielewa neno ambalo hawajawahi kuliona. Nikamwambia walilielewa Mkenya, na kabla ya 1920 hakukuwa na koloni iliyoitwa Kenya, ila ule mlima. Kompyuta yangu bado inaipigia Mbiafra mstari mwekundu kila mahali. Ziko mara kumi na tisa. Nimeziacha zote.